Makuhani Waliosimama Mtoni

Neno la kutafakari: Yoshua 3:14–17



Habari hii yajulikana na wengi wetu tangu darasa la kipaimara. Waisraeli walifika Yordani siku za mavuno, mto ukiwa umefurika. Makuhani waliochukua sanduku la Agano walitia miguu yao majini kwanza, na maji yakazuiwa. Lakini liko jambo moja ambalo wasomaji hulipita upesi. Makuhani wale hawakuwatangulia watu kisha wakaenda zao kutafuta mahali pa kupiga hema. Walisimama katikati ya mto, mzigo begani, mpaka mtu wa mwisho alipokwisha kupita: mzee mwenye fimbo, mama mja mzito, mtoto aliyeshikwa mkono. Ndipo wao nao walipotoka, kama isomwavyo katika sura ya 4.

Ili tulifahamu vema jambo hili, na tutazame mto mwingine ulio katika nchi yetu wenyewe. Mto Mara watoka katika milima ya Mau nchini Kenya, wapita kaskazini ya Serengeti, na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Kila mwaka nyumbu wa porini zaidi ya milioni moja, pamoja na punda milia na swala wengi mno, huizunguka nchi ile wakifuata mvua na majani mabichi. Karibu na mwezi wa Februari huzaa katika mbuga za kusini, na ndama husimama kwa miguu yake katika dakika chache tu, maana fisi na simba hawamngoji. Kisha makundi husogea magharibi na kaskazini, na kati ya Julai na Oktoba huuvuka mto Mara.

Wageni hutoka nchi za mbali kuja kuona uvukaji ule. Nyumbu hujaa ukingoni, husukumana, hunusa maji, hurudi nyuma kwa hofu. Mara mmoja hujitupa, na wote humfuata kwa vumbi na kishindo. Mamba wamo, lakini wengi wafao huuawa na mto wenyewe, kwa mkondo mkali, kwa kukanyagana, na kwa kingo zilizo wima wasizoweza kuzipanda. Wataalamu waliotangaza uchunguzi wao mwaka 2017 walikadiria kwamba nyumbu zaidi ya 6,000 hufa maji humo kwa mwaka, kwa wastani. Hata hivyo Mwenyezi Mungu hapotezi kitu. Mizoga ile hulisha samaki na tai, na mifupa huutia mto rutuba kwa miaka.

Lakini tazameni ng'ambo. Huko ndama waliopotezana na mama zao hulia huku na huku. Jike humjua mwanawe kwa harufu na kwa sauti, naye huenda akimwita. Bali akijiwa na ndama wa mwingine, humfukuza, wala hamnyonyeshi asiye wake. Kundi nalo halingoji, kwa kuwa majani yako mbele. Ndama asiyempata mama yake ni chakula cha fisi. Hatuwalaumu wanyama hao, maana waishi kwa kadiri Muumba alivyowaumba. Sisi tumepewa sheria nyingine.

Basi turudi kwetu, Dar es Salaam. Asubuhi pale Feri, kivuko kitokacho Kigamboni kishushapo mlango wake, umati hushuka wenye vikapu na baiskeli, wachuuzi, wanafunzi na vibarua, wala hakuna atazamaye nyuma. Daraja lilifunguliwa mwaka 2016, na bado watu huvuka pale kila siku. Wengi hushika njia ya Kariakoo. Jina la mtaa huo ni ukumbusho wa wapagazi wa vita ya 1914–1918, waliochukua mizigo ya wengine, wakafa kwa maelfu kwa maradhi na njaa, na makaburi ya wengi wao hayajulikani.

Hapo Kariakoo leo wapo vijana wetu, waliotoka Kilimanjaro, Iringa, Kagera na Singida kutafuta riziki. Kule nyumbani kila mtu alimjua kijana kwa jina lake na la baba yake. Hapa Jumapili ya kwanza huketi benchi la nyuma, na hakuna amwulizaye. Jumapili ya pili ni vivyo hivyo. Ya tatu hulala. Kisha maji humchukua, yaani pombe, kamari, madeni na aibu ya kurudi nyumbani mikono mitupu. Yuko pia binti afanyaye kazi za nyumbani, asiyepewa nafasi ya kwenda ibadani, wala hapana mzee wa kanisa apigaye hodi kumwombea ruhusa kwa bwana wake. Nasi twasema, "Huyu si wa usharika wetu, hana cheti." Ndugu, neno hilo lina tofauti gani na jike la nyumbu limfukuzalo ndama wa mwingine?

Tusidhani kwamba twaweza kusimama mtoni kwa nguvu zetu. Makuhani hawakuzuia maji kwa mabega yao. Mungu ndiye aliyeyazuia. Naye Bwana Yesu, asiye na dhambi, alishuka katika Yordani hiyo hiyo pamoja na wenye dhambi, akabatizwa. Akaingia hata katika maji ya mauti msalabani, akafufuka, wala hatuachi tungali tukivuka. Kwa kuwa yeye asimama, nasi twaweza kusimama.

Kwa hiyo twawasihi ninyi waalimu na wainjilisti wa vijijini: kijana ahamapo, asiondoke bila cheti, wala cheti kisiwe karatasi tu. Andikeni kwa mchungaji wa huko aendako, mtaje jina lake na kazi aitafutayo. Nanyi wazee wa mjini, mmoja wenu asimame mlangoni kila Jumapili, amwulize mgeni jina, amwulize alalapo, na juma lile lile aende kumtazama. Asiye na cheti apokewe kwanza, kisha cheti kitafutwe.

Ee Bwana, uliyesimama majini kwa ajili yetu, utupe mabega ya kuchukua na miguu isiyokimbilia ng'ambo, mpaka aliye wa mwisho amekwisha kupita. Amina.