Kufungua Kizazi Kilichofungwa: Toba, Hiari na Neno Lililokwisha Kutolewa

Kufunga kizazi kwa mwanamke ni upasuaji unaokata, kubana au kuziba mirija miwili inayopitisha yai kutoka kwenye ovari hadi kwenye mji wa mimba, na kwa kuwa hufanywa kwa nia ya kudumu, anayeukubali huelezwa mapema kwamba hatazaa tena. Swali linalochunguzwa hapa huanza miaka kadhaa baadaye, pale mwanamke huyo anapotaka mirija yake iunganishwe upya ili aweze kushika mimba. Katika wilaya za Karatu na Ngorongoro, ambako hospitali kubwa kadhaa zilijengwa na makanisa na ambako uzazi huombewa hadharani, jambo hilo huwa la kidini hata kabla halijamfikia daktari, kwa sababu watu wa karibu na mwanamke hutaka kujua kama anarekebisha kosa, anavunja neno lake, au anaomba jambo jipya kabisa. Makala hii inashikilia kwamba jibu la tatu ndilo la kweli mara nyingi zaidi, na kwamba lile la kwanza, ingawa lina sura ya ucha Mungu, limebeba hatari ambayo viongozi wa dini hawajaipima vya kutosha.

Ni vema kwanza kueleza kinachotokea mwilini, kwa maana hoja nyingi za kimaadili hupotoka kwa kudhani kwamba kufungua ni kinyume kamili cha kufunga. Katika njia iliyopewa jina la daktari Mmarekani Ralph Pomeroy, ambayo imetumika sana katika hospitali za Afrika Mashariki, daktari huinua sehemu ya mrija hadi ijikunje kama kitanzi, huifunga kwa uzi unaoyeyuka mwilini, kisha hukata kilele cha kitanzi hicho. Uzi unapoyeyuka baada ya muda, ncha mbili za mrija huachana na kuacha nafasi katikati. Mrija mzima una urefu wa sentimita 10 hadi 12 hivi, na tundu lake katika sehemu iliyo karibu na mji wa mimba ni la milimita moja au mbili tu, kwa hiyo daktari anayeunganisha hufanya kazi chini ya lenzi za kukuza, akipunguza ncha zenye kovu mpaka zifikie nyama iliyo hai, akizishona kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, halafu akisukuma maji yenye rangi kupitia mji wa mimba ili aone kama yanatokea upande wa pili. Mrija uliobaki mfupi sana, au ulioungua sehemu kubwa, haurudi kazini hata mkono uwe stadi namna gani. Kwa wanawake walio chini ya miaka 35 na waliochunguzwa vizuri, zaidi ya nusu huweza kushika mimba; kwa waliopita miaka 40 matumaini hupungua sana, kwa kuwa mayai nayo yamezeeka. Kinachotafutwa, basi, ni njia mpya iliyoshonwa ndani ya mwili ambao umeendelea kuishi tangu siku ile ya kwanza.

Kanisa Katoliki, ambalo jimbo lake la Mbulu linahudumia Karatu na ambalo kupitia Jimbo Kuu la Arusha lina hospitali ya Endulen ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, limekataza waziwazi kufunga kizazi kwa lengo la kuzuia mimba. Papa Paulo wa Sita alilisema hilo katika waraka wake wa mwaka 1968 kuhusu uhai wa mwanadamu, na mwaka 1975 ofisi ya Vatikano inayosimamia mafundisho ya imani ikafafanua kwamba hospitali za Kikatoliki haziruhusiwi kutoa huduma hiyo. Kuhusu kufungua, ofisi hiyo hiyo ilieleza mwaka 2008, katika maelekezo yake juu ya hadhi ya mtu, kwamba upasuaji wa kurekebisha mirija ni halali, kwa sababu unaondoa kizuizi na kuwaachia wanandoa tendo lao la ndoa, tofauti na kutungisha mimba nje ya mwili, yaani katika maabara, jambo ambalo Kanisa halilikubali.

Kutokana na uhalali huo, baadhi ya waamini wamevuka hatua moja zaidi na kudhani kwamba kilicho halali kwa aliyetubu ni wajibu kwake. Dhana hiyo haina msingi katika mafundisho ya Kanisa lenyewe. Toba katika mapokeo ya Kikatoliki ina majuto ya moyo, maungamo, na malipizi yanayolingana na uwezo wa mtu, na wanateolojia wa maadili kwa muda mrefu wametofautisha njia za kawaida, ambazo mtu hulazimika kuzitumia, na njia zisizo za kawaida, ambazo gharama, maumivu au hatari yake humwondolea ulazima. Upasuaji wa tumbo unaohitaji safari kutoka Karatu kushuka Mto wa Mbu hadi Arusha, na pengine kwenda mbali zaidi, pamoja na fedha ambazo familia ya wakulima huzipata kwa kuuza ng'ombe, hauwezi kuitwa njia ya kawaida. Isitoshe, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1084, inasema kwamba utasa hauzuii ndoa wala kuibatilisha, mradi hakuna udanganyifu. Mwanamke aliyefunga kizazi na anayetaka kuolewa ana wajibu wa kumweleza mchumba wake ukweli, na wajibu huo hautimizwi kwa kisu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwanafalsafa wa karne ya 13, aliuliza kama Mungu anaweza kufanya jambo lililokwisha kutokea lisiwe limetokea, akajibu kwamba hapana, kwa kuwa hilo lingekuwa mgongano wa kimantiki na si upungufu wa nguvu zake. Hoja hiyo inamfaa sana mwanamke anayeambiwa kwamba asipofungua hajasamehewa, kwa sababu inaonyesha kwamba msamaha haujawahi kuwa kufutwa kwa tendo. Mwanamke aliyefunga kizazi akiwa na watoto watano na shamba lisilowatosha alifanya uamuzi ndani ya hali halisi, na uamuzi huo unabaki sehemu ya maisha yake iwe mirija imeunganishwa au la. Akihukumu baadaye kwamba alikosea, Mungu anayemwamini anamsamehe mtu mzima, pamoja na kovu lake.

Katika Uislamu, dini ya baadhi ya wafanyabiashara wa mji wa Karatu na ya baadhi ya wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, mpaka umechorwa mahali pengine. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliruhusu azli, yaani mume kumwaga nje ili kuzuia mimba, na juu ya msingi huo wanazuoni wengi wamekubali njia za muda. Lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwezi Desemba 1988, liliharamisha kuondoa uwezo wa kuzaa wa mwanamume au mwanamke pasipo dharura inayotambuliwa na sheria. Uzito wa hukumu hiyo uko kwenye udumu wa tendo, na hapo upasuaji wa kuunganisha unaleta swali gumu: je, jambo linaloweza kurekebishwa kwa baadhi ya watu ni la kudumu au la muda? Ni busara kutolegeza hukumu kwa kutegemea uwezekano huo, kwa kuwa tiba inayowafaa baadhi, na kwa gharama ambayo wengi hawaimudu, haiwezi kuitwa mlango ulioachwa wazi. Hata hivyo kwa yule ambaye tendo limekwisha kumpitia, kutafuta tiba ni halali, na aya ya 49 na ya 50 za Sura Ash-Shura, zinazotaja kwamba Mwenyezi Mungu humjaalia amtakaye mabinti, wana au vyote viwili, na humfanya amtakaye kuwa tasa, humwondolea aliyeshindwa kupata mimba aibu ya kudhani kwamba ameadhibiwa.

Walutheri, ambao Kanisa lao, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ndilo lenye Hospitali ya Kilutheri ya Karatu, hawana katazo la aina hiyo juu ya uzazi wa mpango, na huiachia dhamiri ya wanandoa sehemu kubwa ya uamuzi.

Chini ya mafundisho hayo yote kuna imani za wenyeji, ambazo zina nguvu kuliko inavyokiriwa makanisani. Kwa Wairaqw, Looaa, nguvu ya kimungu yenye sura ya kike na inayohusishwa na jua, ni mwema na mpaji, na katika slufay, sala ndefu ambayo mzee huisema huku kundi likiitikia, baraka ya uzazi wa watu na mifugo huombwa pamoja na mvua. Kwa Wamaasai, wanawake huunda msafara uitwao olamal kwenda kuwaomba wazee baraka za kupata watoto, na mlima Oldoinyo Lengai, ulio ndani ya Wilaya ya Ngorongoro, ni mahali pa kumwomba Engai, yaani Mungu. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba maombi hayo ni ya kundi. Mwanamke aliyefunga kizazi kwa siri na baadaye akaingia katika msafara huo hubeba mzigo wa peke yake katikati ya wenzake, na ni rahisi aone upasuaji kama njia ya kurudi kwao kwa haki.

Lakini utamaduni huo huo unajua njia nyingine. Kwa Wamaasai, mwanamke asiye na mtoto huweza kupewa mtoto wa mke mwenza au wa ndugu, akamlea kuwa wake na kuwa mrithi wa mifugo ya nyumba yake, na hakuna anayeiita nyumba hiyo tupu. Desturi hiyo inalazimisha swali ambalo daktari hana nafasi ya kuliuliza: je, kinachotamaniwa ni mimba, ni mtoto wa kulea, au ni nafasi ya heshima katika ukoo wa mume mpya? Kila tamaa kati ya hizo ni halali, ila ni ya kwanza pekee ambayo upasuaji unaweza kuijibu moja kwa moja.

Limebaki lile la kuvunja neno. Wapo wanaosema kwamba aliyetia saini fomu ya ridhaa akijua kwamba tendo ni la kudumu ameahidi, na mtu mwadilifu hutimiza ahadi hata ikimwumiza. Hoja hii inachanganya ridhaa na nadhiri. Nadhiri hutolewa kwa mwingine anayeipokea na mwenye haki ya kuidai. Ridhaa ni ruhusa ambayo mtu huitoa juu ya mwili wake, na hakuna anayepata haki ya kudai kwamba aendelee kutaka alichotaka jana. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba katika kipindi cha miaka 14, kati ya waliofunga wakiwa na miaka 30 au chini, asilimia 20 hivi walieleza kujuta, ilhali kati ya waliofunga wakiwa wamepita umri huo ni asilimia 6 hivi tu. Kijana wa miaka 26 hajui bado kifo cha mtoto, kuachika wala ndoa ya pili, na kumfunga kwa ujuzi ambao hakuwa nao si uadilifu.

Ikiwa ridhaa ndiyo kiini, inahitajika mara zote mbili. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba haki za wanawake wenye virusi vya UKIMWI waliofungwa vizazi bila ridhaa halisi zilikiukwa, na kwa wanawake wa namna hiyo kufungua ni kudai walichonyang'anywa. Kinachosahaulika ni upande wa pili: mwanamke anayepelekwa kufunguliwa kwa sababu mume mpya amesema atamrudisha kwao asipomzalia, au kwa sababu katekista amemwambia hatapokea Ekaristi, hajaridhia zaidi ya yule aliyefungwa bila kuulizwa. Elkana, katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, alijaribu kumfariji Hana kwa kumwonyesha kwamba anapendwa hata bila mtoto. Hakuzima kilio chake, lakini walau hakukigeuza kuwa sharti.

Kwa anayeamua kwa hiari kwenda, wajibu mzito zaidi wa kidini huja baada ya upasuaji, na ni wajibu wa kulinda uhai wake mwenyewe. Mrija ulioshonwa hubaki na kovu, kwa hiyo uwezekano wa mimba kutunga ndani ya mrija badala ya mji wa mimba huongezeka mara kadhaa, na mrija ukipasuka mwanamke huweza kufa kwa kuvuja damu ndani ya saa chache. Kwa anayeishi katika kijiji cha nyanda za juu za Ngorongoro, ambako masika hugeuza barabara kuwa tope na gari hupatikana kwa kusubiri, saa chache si muda wa kutosha. Padri, mchungaji au shekhe anayetaka kumsaidia anaweza kuuliza, kabla ya baraka yoyote, nani atamlipia kipimo cha mimba pindi hedhi inapochelewa, picha ya ultrasaundi itapigwa wapi wiki ya sita au ya saba, na ni nyumba gani Karatu mjini itakayompokea akae karibu na chumba cha upasuaji mpaka ijulikane mimba imekaa wapi.