Ubao wa Tezi

Somo la juma: Matendo ya Mitume 27:27–44



Hapa kwetu Mlandizi si ufukweni, lakini bahari haiko mbali nasi. Samaki wetu wanapanda kutoka Bagamoyo kwa barabara ya Makofia, na mto Ruvu, ukishatupita hapa, unakwenda kumwaga maji yake upande wa kaskazini wa Bagamoyo. Wengi mna ndugu wanaovua, na baadhi yenu mmechanga fedha ili ndugu hao wapate mashine za kufunga kwenye mashua zao. Juma hili nataka tutazame pale mashine inapofungwa.

Mashua ya tanga ina tezi bapa, yaani ubao mpana uliosimama nyuma ya chombo. Upepo unapokatika, kama inavyotokea kaskazi inapoipisha kusi, nahodha anashusha tanga na kuwasha mashine. Mashine ya nguvu za farasi 15 ina uzito wa karibu kilo 40, na kijana mwenye afya anaibeba begani kutoka ufukweni. Kwa sababu hiyo watu hudhani kazi ya ubao ni kubeba kilo hizo tu, na hiyo ndiyo kazi yake ndogo. Rafadha ya mashine inapozunguka, msukumo wote unaokipeleka chombo mbele unapita kwenye ubao ule kabla ya kufika kwenye mataruma, yaani mbavu za mashua, na sehemu zake nyingine. Tena rafadha iko chini sana, ndani ya maji, kwa hiyo mguu wa mashine unafanya kazi ya mtaimbo: kila wimbi na kila mwendo unaung'ang'ania ubao kana kwamba unataka kuung'oa.

Fundi mzoefu huanza na ubao kabla ya kuigusa mashine. Anaugonga kwa nyundo na kusikiliza, maana mbao iliyooza kwa ndani hujisaliti kwa sauti hata kama rangi ya nje inang'aa. Anaongeza ubao wa pili kwa ndani na kuufunga kwenye mataruma. Anapima kimo: lile bamba lililo juu ya rafadha likae usawa wa chini ya mashua au chini yake kidogo. Likikaa juu mno, rafadha inavuta hewa, mashine inapiga kelele nyingi na chombo hakiendi. Anahakikisha mashine na usukani havitagongana. Anakaza skrubu kwa mkono, kisha anapitisha bolti zenye washa pana, na kila tundu alilotoboa analiziba vizuri, kwa sababu tundu lililoachwa wazi linakunywa maji, na uozo unaanzia hapo. Baada ya safari ya kwanza anakaza tena, kwa kuwa mbao imebonyea na mtetemo umelegeza nati. Pia anafunga mnyororo kutoka kwenye mashine hadi sehemu nyingine imara ya chombo. Haufungi kwenye ubao ule ule, maana ubao ukivunjika, mnyororo nao utakwenda na mashine.

Sasa turudi kwenye somo letu. Luka anatueleza habari za merikebu yenye watu 276, iliyopigwa na dhoruba siku nyingi. Walipoiona pwani waliielekeza merikebu huko, ikapanda mchangani. Angalieni anachoandika katika mstari wa 41: omo, yaani sehemu ya mbele, ilikwama ikashika imara, isitikisike, lakini tezi ikaanza kuvunjika kwa nguvu za mawimbi. Mtu aliyesimama upande wa mbele angeweza kusema chombo kimefika salama, kumbe nyuma kinabomoka.

Katika ibada zetu tunaomba upenyo, tunaomba kuinuliwa, tunaomba milango ifunguke. Ni maombi mema. Tena tunaishi mahali ambapo milango inafunguka kwelikweli. Bandari kavu iko Kwala, reli ya kisasa inapita wilayani kwetu, na shamba ambalo babu alilimia mihogo leo linapimwa viwanja. Familia inaweza kulala maskini na kuamka ikiwa na fedha ambazo haijawahi kuzishika. Hiyo ni mashine. Swali langu ni hili: imefungwa kwenye ubao gani? Kama baba na mama walikuwa hawawezi kuzungumza kuhusu shilingi elfu kumi bila kugombana, milioni thelathini hazitawafundisha kuzungumza. Kama kijana alikuwa anadanganya alipokuwa msaidizi wa duka, cheo hakitamfanya mkweli. Fedha na cheo havikuleta uozo huo. Ulikuwepo, ila kabla ya hapo hakuna kilichouvuta kwa nguvu.

Hili linatuhusu hata sisi tunaosimama madhabahuni. Karama ya kuhubiri inaweza kumfikisha mtu mbali kuliko tabia yake inavyoweza kumshikilia.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kuomba farasi zaidi, tukubali kugongwa kwa nyundo. Mruhusu mtu mmoja anayekupenda akuambie ukweli kuhusu hasira yako, madeni yako, simu yako. Na kuhusu mnyororo, chagua vizuri. Anayekula kutoka mkononi mwako hawezi kuwa mnyororo wako, kwa sababu ukianguka mnaanguka pamoja. Tafuta mtu asiyekutegemea, anayeweza kukukatalia bila kupoteza chochote. Kisha usiridhike kwamba ulikaza mwaka jana. Toba, kama nati za mashine, hurudiwa.

Najua wapo wanaosoma haya na ubao wao umekwisha kuvunjika. Ndoa imeondoka, kazi imeondoka, jina limechafuka. Someni somo hadi mwisho wake. Mungu alikuwa amemwahidi Paulo uhai wa watu, hakumwahidi merikebu. Waliojua kuogelea waliogelea, na wengine walifika nchi kavu juu ya mbao na vipande vya chombo kilichovunjika. Wote walifika. Mwokozi wetu hangoji tezi mpya ndipo aanze kuokoa.

Kazi ya juma hili: kaa na mwenzi wako, au na rafiki mnayeaminiana, na mjibu kwa uwazi, "Nikipewa leo ninachokiomba, ni sehemu gani ya maisha yangu itakayovunjika kwanza?" Mkiipata, ombeni kwa ajili ya sehemu hiyo kabla ya kuombea jambo lingine lolote.

Tuombe. Bwana, unayejua yaliyo nyuma ya rangi, tuguse pale tulipooza. Usitupe nguvu tusizoweza kuzishikilia, na zile ulizokwisha kutupa utufundishe kuzifunga vema. Wanaoelea juu ya vipande, wafikishe pwani. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.