Kosa Lililorudi na Ripo

Stima ilipotea Bumula saa mbili usiku, laptopu yangu ikazima papo hapo; betri yake ilishakufa kitambo. Stima iliporudi, Git ilikataa kufungua ripo. Faili kadhaa za ndani zilikuwa tupu kabisa. Nikaandika git fsck, ikaniorodheshea maiti.

Lakini msimbo wenyewe ulikuwa mzima. Kilichoharibika ni historia. Ningeweza kufuta folda ya .git, nianze upya, maisha yaendelee. Hapo ndipo nilipojishuku, maana wazo hilo lilinifurahisha kupita kiasi.

Programu ile ni ya chama cha akina mama wa kwetu. Miezi miwili nyuma nilikosea hesabu, ikawa inatoza faini ya kuchelewa mara mbili. Nilipogundua, nilirekebisha kimyakimya. Wanachama watano walikuwa wameshalipa, na pesa zao zikaenda kwenye mgao wa wote. Ushahidi ulikuwa ndani ya historia ile tu. Je, aibu ikifutwa na ajali, deni nalo linafutika?

Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka wa 2005, haisahau kirahisi. Kila komiti hupata jina kutokana na yaliyomo ndani yake na jina la komiti iliyotangulia. Ukigusa ya zamani, zote zinazoifuata hubadilika majina. Na kloni ya kawaida hubeba historia yote. Rafiki yangu wa Kitale alikuwa na kloni ya wiki iliyopita. Ilikuwa ni kumpigia simu tu.

Sisi Wabukusu tuna kumuse: mzee akifa, msemaji husimama mbele ya watu kusimulia historia ya ukoo. Hafariji tu, hukanya pia. Ukoo unaokumbuka sifa zake peke yake haujijui.

Nikampigia. Nikarudisha vipande vilivyopotea, nikaongeza kazi ya wiki ile juu yake. Kosa langu likarudi pia, na tarehe yake.

Jumamosi nilienda kwa mwekahazina, mmoja wa wale watano.

"Mama, kuna pesa mlikatwa bure. Kosa ni langu."

Akanitazama. "Mwanangu, tulijua hesabu haikai sawa. Tulikuwa tunangoja useme."

Kumbe historia ile haikuwa yangu peke yangu. Wao pia walikuwa na nakala. Ripo niliitengeneza kwa saa moja. Deni nitalilipa mpaka Desemba.