Saa Tulizozipata ni za Nani?

Twaleta mbele yenu swali lililotusumbua tangu tulipopata baiskeli.

Baiskeli yenyewe si mpya. Jirani aliyenunua pikipiki aliiacha nyuma ya nyumba yake, kuku wakailalia. Ni Phoenix nyeusi, ile nzito itokayo China. Tairi la nyuma lilikuwa limepasuka, mnyororo umeshika kutu, kengele hailii, na tandiko limebonyea upande wa kushoto kwa kukaliwa miaka mingi na mtu mwingine. Tukalipa bei ndogo, tukaikokota nyumbani, watoto wakatucheka.

Siku ile hatukuipenda. Majuma mawili tuliisugua kwa mafuta ya taa, tukanunua tairi, tukabandika viraka vitano katika mpira wa ndani, na kengele nayo tukaitengeneza. Mapenzi yalikuja baadaye, bila kupiga hodi. Asubuhi moja tuliteremka mlima wa kwenda sokoni, umande ungali majanini, tukajikuta tunaimba peke yetu. Tukawashukuru mafundi wa kale: John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, aliyetengeneza mwaka 1885 baiskeli ya magurudumu yaliyokaribia kulingana, la nyuma likivutwa kwa mnyororo, na John Boyd Dunlop, tabibu wa wanyama huko Belfast, aliyepata mwaka 1888 hati ya uvumbuzi wa tairi la upepo. Kabla yao mpandaji alikaa juu ya gurudumu refu la mbele, na aangukaye alitangulia kichwa.

Basi, njia ya sokoni kwa miguu ni saa mbili. Kwa baiskeli ni dakika 40. Kwenda na kurudi twapata saa mbili na zaidi. Tulisema saa hizo ni zetu, maana tumezinunua kwa fedha na jasho.

Lakini yuko mzee tuliyezoea kuongozana naye. Siku moja tulimkuta kisimani, tukamwamkia. Akaitika, kisha akasema, "Mwalimu, siku hizi wanisalimu kwa kengele."

Neno hilo lilituchoma. Katika mwendo ule wa miguu ndipo tulipojua nani mgonjwa, mahindi ya nani yameoza, mtoto gani amekosa daftari. Mtu atasema, baiskeli nayo husaidia. Ni kweli, usiku mmoja tulimpakia mtoto wa jirani mwenye homa kali mpaka zahanati, wala hapo hakuna aliyelalamikia mbio zetu. Basi mbio si kosa. Ila mazungumzo ya njiani yalikuwa ya watu wawili, nasi tuliyauza bila kumwuliza mwenzetu. Je, mtu aweza kuuza kitu cha shirika peke yake? Twaona hawezi. Wala hatusemi tushuke kwa kila mpita njia. Hapo baiskeli ingekuwa mzigo tu.

Siku za soko sasa twatoka mapema kidogo. Tukifika kwa mzee twashuka, twaisukuma pamoja naye kupanda mlima (na mlimani, kwa kweli, hata mwenye baiskeli huenda kwa miguu), gunia lake la maharage likiwa nyuma ya tandiko. Jumamosi iliyopita aliomba aipige kengele mara moja. Akaipiga mara tatu.