WAZO LA LEO: Sala na Breki

Malori yanayopumzika Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, mengi yana jina la Mungu kwenye bampa. Mengine yana kibendera cha Kenya kwenye kioo cha mbele. Hayo ni mapenzi ya kweli, nami nayaheshimu.

Lakini mteremko wa Sachangwan, kwenye barabara hiyo hiyo, hauheshimu maandishi. Dereva anayetia nyutro ili kuokoa dizeli anabaki na breki peke yake, nazo zikichemka hazishiki tena. Hapo si yeye tu aliye hatarini, ni kila aliye mbele yake.

Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan. Watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakafa. Alfajiri ya 31 Desemba 2017, basi na lori yaligongana pale Migaa, kwenye barabara hiyo hiyo, watu 36 wakapoteza maisha. Kila mara tulijaza makanisa na misikiti tukiomboleza, na tulifanya vyema. Ila kuomboleza hakutoshi.

Kwangu mimi, dini ni kumlinda jirani nisiyemjua, na uzalendo ni kutii sheria hata pasipo askari. Wimbo wetu wa taifa wenyewe ni sala, na anayeuimba ana deni kwa Wakenya wenzake.

Basi ndugu dereva, omba kabla ya safari, kisha kagua breki. Nawe abiria, ukiona mwendo wa hatari, paza sauti. Jisaidie, Mungu akusaidie.