Matoleo ya Dada Yangu



Likizo hii nilikaa wikendi moja kwa dada yangu. Shemeji ni dereva wa malori, alikuwa safarini, kwa hiyo dada alibaki na watoto watatu: miaka sita, mitatu, na wa mwisho miezi tisa. Mimi frateri nilifika na kitabu changu cha masifu nikijua nakuja kupumzika na kusali.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilienda jumuiya. Dada hakwenda. Niliporudi nilimkuta anakoroga uji, mtoto mgongoni, ndoo tatu za nguo zinamsubiri. Nikamtania, "Dada, mbona siku hizi unaikwepa jumuiya?" Alitabasamu tu.

Jumapili, Injili haijaisha, mdogo akaanza kulia. Mama mmoja aligeuka na kumtupia dada lile jicho mnalolijua. Dada akatoka nje, wa kati akamfuata akiburuza kandambili. Mahubiri yote yakampita. Nisiwafiche, niliona aibu. Nikasema moyoni, si angewaacha nyumbani?

Usiku, watoto wamelala, akaniambia: "Frateri, nina miaka sita sijasikia Misa nzima. Nikianza Baba Yetu nasinzia kabla sijafika mwisho. Nadhani Mungu ameshanichoka." Machozi yakamtoka.

Nimesoma falsafa miaka mitatu. Ukiniuliza Aristotle alisema nini kuhusu furaha, nitakujibu. Lakini pale sikuwa na neno. Nikaenda kuosha vyombo.

Nikiwa kwenye sufuria ya ugali ndipo nikakumbuka Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, namba 34, inafundisha kwamba kazi za walei, sala zao, maisha yao ya ndoa na familia, hata mapumziko yao, yakifanyika katika Roho, yanakuwa sadaka ya kiroho. Na katika Ekaristi yanatolewa kwa Baba pamoja na Mwili wa Bwana. Simaanishi kwamba kufua kunachukua nafasi ya Misa, hapana. Namaanisha kwamba zile ndoo tatu na usiku aliokesha vilikuwa na nafasi altareni, hata yeye alipokuwa nje chini ya mwembe.

Nikakumbuka pia Marko 10. Watoto walipoletwa kwa Yesu, aliowakasirikia kwa tendo lao hawakuwa wale watoto. Walikuwa wanafunzi wake, watu wa karibu kama mimi.

Nikarudi nikamwambia dada hayo yote, na nikamwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Sasa kama ni hivyo, mbona hamtuambii?"

Swali hilo nimerudi nalo seminarini.

Kijana mwenzangu, Jumapili hii ukimwona mama au baba anahangaika na mtoto, usigeuze shingo. Mpokee mtoto, hata kwa dakika kumi tu za mahubiri. Na wewe mzazi kijana unayesoma huku unanyonyesha, kabla ya kuwasha jiko sema tu: "Bwana, ya leo yote ni yako." Ukisinzia katikati ya Baba Yetu, umesinzia mikononi mwa Baba.

Tuombe: Ee Yesu uliyelelewa Nazareti, uwape nguvu wazazi wetu waliochoka, na utufundishe sisi kuwapokea. Amina.