Maji Ukiyavulia Nguo

Finland ina watu wapatao milioni 5.6 na maziwa yapatayo 188,000. Wikendi ikifika, familia nyingi huondoka mjini kwenda kwenye nyumba ndogo za mbao kando ya ziwa. Jumamosi jioni jiko la kuni huwashwa saunani, yaani chumba cha kuogea mvuke, na mawe yaliyo juu yake hupata moto mpaka joto la chumba lifike nyuzi 80 au zaidi. Maji yakimwagwa juu ya mawe, mvuke hupanda na jasho hutiririka. Kisha watu hutoka, hujitosa ziwani, na kurudi ndani.

Humo hakuna suti wala cheo. Urho Kekkonen, rais wa nchi hiyo kuanzia 1956 hadi 1982, aliwakaribisha saunani hata wageni wa kiserikali. Mwaka 2020, UNESCO iliuingiza utamaduni huo katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika.

Hatuhitaji kujenga sauna. Joto la Mombasa na Dar es Salaam linatutosha. Cha kuiga kwa Wafini ni nidhamu: mapumziko yao yana siku yake, mahali pake na miiko yake. Wengi wetu hukaa ufukweni tukijibu ujumbe wa bosi, kisha Jumatatu tunalalamika kwamba uchovu haujatoka. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wikendi hii, ukipata hata nusu siku, zima simu upumzike kwelikweli.